Fire TV, Google TV, Apple TV au boksi lisilo na jina: kipi kikae chini ya TV yako?

Jumapili moja asubuhi shangazi yangu wa Tabata alinipigia simu. "Mwanangu, njoo unitazamie hili boksi. Nimeambiwa ni la 4K, lakini nyuso za watu zimefifia kama zimepakwa unga." Nilipofika nilikuta TV mpya ya inchi 43, boksi jeusi lenye taa ya bluu, na kartoni lililoandikwa kwa herufi kubwa kwamba ndani mna RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 8 na picha ya 8K. Netflix ilifunguka vizuri, ila picha haikupanda zaidi ya 480p, kiwango cha DVD za zamani, chini ya HD na 4K ambavyo ni viwango vya picha kali. Tena rimoti iliendesha kishale kidogo juu ya kioo, kama kipanya cha kompyuta, na shangazi alikuwa anakifukuza kishale hicho kona hadi kona ili abonyeze neno moja tu.

TV ilikuwa nzima na intaneti ilikuwa nzuri. Boksi ndilo halikuwa na cheti, yaani idhini ya kupewa picha safi, na kwenye kartoni hakuna mahali palipotaja jambo hilo. Tangu siku ile, ndugu yeyote anayetaka kununua kisanduku cha TV namwomba anijibu maswali machache kabla hajatoa hela. Nayaandika hapa, kisha nipime vifaa vinne vinavyopatikana sana kwetu kwa maswali hayo hayo.

Kwanza, hiki si king'amuzi

King'amuzi hushika mawimbi ya antena au dishi. Ndicho kilichoingia majumbani Dar es Salaam mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa mwisho wa 2012, na Kenya ikafuata 2015. Kisanduku ninachokizungumzia hapa, ambacho wengi hukiita TV box au Android box, kinaishi kwa intaneti. Chenyewe hakileti chaneli hata moja. Kinakufungulia programu kama YouTube, Netflix na Prime Video, na nyingi kati ya hizo zina malipo yake ya kila mwezi.

Kama kinachokupeleka dukani ni Simba na Yanga, simama kidogo. Haki za kuonyesha Ligi Kuu Bara ziko kwa Azam Media, waliosaini mkataba wa miaka 10 mwaka 2021. Ukinunua kisanduku cha bei yoyote ile, kifurushi cha Azam utakilipia tu, kwa dishi au kwa programu yao. Matangazo ya intaneti pia huchelewa nyuma ya yale ya dishi. Mtaa mzima utalipuka kwa goli huku kwako mpira bado uko katikati ya uwanja. Kwa mtu wa mpira, king'amuzi bado kina nafasi yake, na kisanduku kitakuwa cha siku nyingine.

Vigezo vya kupimia

*Cheti.* Hiki nakiweka mbele ya vyote. Kampuni za filamu hazitoi picha safi kwa kila kifaa kinachobisha hodi. Kwenye vifaa vya Android kuna kufuli ya kidijitali inayoitwa Widevine: chenye ngazi ya L1 hupewa HD na 4K, chenye L3 huishia kwenye 480p ile ya shangazi. Juu ya hapo, Netflix huidhinisha vifaa kwa modeli. Kwa hiyo kifaa kinaweza kuwa na nguvu za kuonyesha 4K na bado kikanyimwa.

*Bando.* Netflix wenyewe hupendekeza kasi ya Mbps 3 kwa picha ya 720p, Mbps 5 kwa 1080p, na Mbps 15 kwa 4K. Kasi wengi tunayo siku hizi. Kinachotumaliza ni ujazo. Saa moja ya HD hula hadi GB 3, ya 4K hadi GB 7. Familia inayotazama saa 3 kila jioni kwa HD itafika GB 270 kwa mwezi. Mwenye faiba ya malipo ya mwezi hili halimsumbui. Anayewasha hotspoti ya simu, bando lake la GB 10 linakwisha kabla filamu ya pili haijafika mwisho. Ipo njia ya kujinusuru: fungua akaunti yako ya Netflix kwenye kivinjari, ingia mipangilio ya uchezaji, chagua kiwango cha chini. Hapo saa moja hula takriban GB 0.3, na lile bando la GB 10 linakupa saa zaidi ya 30. Picha haitakuwa kali, lakini kwenye TV ya inchi 32 utazoea.

*TV yenyewe, nyumba na umeme.* Kisanduku cha kisasa kinataka tundu la HDMI. TV ya chogo yenye matundu matatu tu, jekundu, jeupe na la njano, itakataa vitatu kati ya vifaa hivi vinne. TV nyingi za inchi 32 ni za HD ya kawaida, kwa hiyo kulipia 4K juu yake ni kumwaga maji mchangani. Tazama na kuta. Wi-Fi ya 5 GHz ina kasi ila hushindwa kupenya kuta nene, na anayeishi kwenye nyumba za mawe za Mji Mkongwe au Lamu anajua ninachosema: chumba cha pili tu mtandao umekufa. Huyo atafute kifaa chenye tundu la waya wa mtandao, au asogeze ruta.

*Watu wa nyumbani.* Nani atashika rimoti? Bibi, watoto, wageni? Je, kuna video za harusi, kaswida au mahubiri kwenye flashi mnazozirudia kila mwezi?

*Bei na umri wake.* Kifaa kisichopokea masasisho huanza kukataliwa na programu moja baada ya nyingine. Bei nitakazotaja ni za Marekani siku kilipotoka. Dukani kwetu zitapanda kwa ushuru, usafiri na faida ya muuzaji.

Kijiti cha Amazon Fire TV

Hiki ndicho ndugu wa ughaibuni wanachopenda kutuletea, kwa sababu ni kidogo na kinaingia mfukoni mwa koti. Fire TV Stick 4K ya kizazi cha pili ilitoka 2023 kwa dola 49.99.

*Cheti na picha:* Hapa hakuna wasiwasi. Netflix, YouTube na Prime Video hucheza kwa ubora wake wote, mradi kifurushi chako kinaruhusu. Netflix hutoa 4K kwenye kifurushi chake cha juu peke yake.

*Bando na mtandao:* Kinatumia Wi-Fi. Waya wa mtandao unahitaji adapta ya pembeni.

*TV na umeme:* Kinachomekwa nyuma ya TV moja kwa moja. Watu wengi hukipa umeme kutoka tundu la USB la TV, kisha wanalalamika kwamba kinajizima na kujiwasha chenyewe katikati ya filamu. Matundu mengi ya USB ya TV hutoa ampea 0.5, na kijiti kinataka walau mara mbili ya hapo. Tumia chaja yake. Iliyotoka Marekani ina pini mbili bapa, kwa hiyo tafuta adapta ya pini tatu, na usome maandishi madogo kuhakikisha inakubali volti 100 hadi 240.

*Matumizi ya nyumbani:* Rimoti ni nyepesi na vitufe vyake vinaeleweka. Ukurasa wa mwanzo umejaa matangazo ya vitu vya Amazon, na duka lake la programu ni dogo kuliko Play Store, hasa kwa programu za huku kwetu. Tafuta jina la programu unayoitaka kwenye duka hilo kabla ya kununua. Flashi haina pa kuchomeka bila waya maalumu. Jambo jingine ambalo nimelitatua mara kadhaa: aliyekununulia asipotia alama kwamba ni zawadi, kijiti hufika kikiwa kimesajiliwa kwa akaunti yake. Kabla hajapanda ndege, mwambie akitoe kwenye akaunti.

*Bei na umri:* Bei ni nzuri. Ila angalia jina kamili kwenye boksi. Mwaka 2025 Amazon ilitoa Fire TV Stick 4K Select, ambayo imeacha mfumo wenye asili ya Android na kutumia mfumo mpya wa Vega. Humo huwezi kuweka programu kutoka nje ya duka la Amazon.

*Kinamfaa:* mtu ambaye vyake ni Netflix, Prime na YouTube basi, au mwenye ndugu nje wa kumletea.

Visanduku vyenye Google TV

Hapa kuna familia nzima. Kinachoonekana sana Kariakoo na Luthuli Avenue ya Nairobi ni Xiaomi, TV Box S na TV Stick 4K. Juu yao kipo Google TV Streamer cha Google wenyewe, kilichotoka 2024 kwa dola 99.99 kikichukua nafasi ya Chromecast.

*Cheti na picha:* Vimeidhinishwa, vinafika 4K. Cha kuchunga ni bidhaa bandia zenye kartoni la kufanana. Mwombe muuzaji akiwashe pale pale dukani, afungue mipangilio ya Play Store, aende sehemu inayoeleza kuhusu Play Store, akuonyeshe kwamba kifaa kimeidhinishwa. Muuzaji mwenye mali halisi hatakataa. Ni kazi ya dakika tano.

*Bando na mtandao:* Xiaomi TV Box S ya kizazi cha pili haina tundu la waya wa mtandao. Google TV Streamer inalo, na kwa nyumba ya kuta nene tundu hilo peke yake linaweza kuhalalisha tofauti ya bei. Zote hupokea picha kutoka kwenye simu kwa Google Cast: unabonyeza alama ya kutuma ndani ya YouTube, video inahamia kwenye TV. Wageni wakifika na nyimbo zao kwenye simu, hii ndiyo njia inayotumika kila siku.

*TV na umeme:* Streamer inauzwa bila waya wa HDMI, kwa hiyo nunua wako siku hiyo hiyo usije ukafika nyumbani ukakaa unakitazama. Vijiti vinavyotumia volti 5 vinaweza pia kuishi kwa pawabenki umeme ukikatika. Kwa mwenye TV ndogo ya sola, inayotumia volti 12, hilo ni jambo kubwa: kijiti kwenye pawabenki, simu inatoa hotspoti, na nyumba isiyo na nguzo ya umeme inatazama YouTube.

*Matumizi ya nyumbani:* Play Store ina programu nyingi, na programu za Afrika Mashariki zina nafasi kubwa ya kupatikana humu kuliko kwingine. TV Box S ina tundu la kawaida la USB, unachomeka flashi ya harusi na inacheza. Udhaifu uko kwenye nafasi: TV Box S ya kizazi cha pili ina GB 8, na mfumo wenyewe umeshakula sehemu kubwa. Ukijaza programu 15 itaanza kusota. Weka zile unazotumia, futa nyingine. Streamer ina GB 32 na RAM ya GB 4, haina shida hiyo, lakini tundu lake pekee la USB-C limeshikwa na umeme.

*Bei na umri:* Xiaomi ni ya bei ya kati na inapatikana bila kuagiza. Kuhusu Chromecast, Google ilitangaza kusitisha uzalishaji Agosti 2024, na bado utazikuta dukani. Machi 2025 Chromecast za kizazi cha pili ziligoma duniani kote kwa siku kadhaa kwa sababu cheti cha kidijitali cha ndani yake kilikuwa kimeisha muda, hadi Google walipoleta marekebisho. Ukipata ya bei ya kutupa, inunue ukijua hilo.

*Kinamfaa:* nyumba yenye simu za Android, watu wengi na mahitaji mchanganyiko.

Apple TV 4K

*Cheti na picha:* Bora kati ya hivi vinne. Haikwami, menyu zinafunguka papo hapo. *Mtandao:* ile ya dola 129 ni ya Wi-Fi peke yake. Tundu la waya wa mtandao liko kwenye ya dola 149 yenye GB 128. *TV na umeme:* HDMI lazima, waya wake unanunua kando, na umeme ni wa soketi, pawabenki haisaidii. *Matumizi:* bila mtu mwenye iPhone nyumbani, nusu ya raha yake imepotea, kwa kuwa kutuma picha na nyimbo kutoka kwenye simu kunapita AirPlay, njia ya Apple wenyewe. Flashi haina pa kuingia kabisa. Kwa upande mwingine, ukurasa wake ni mtulivu, hauna fujo ya matangazo kama ya wengine, na mzee anaielewa haraka.

*Bei na umri:* ni ghali, na inalipa kwa kudumu. Apple TV HD ya 2015 ilikuwa bado inapokea mfumo mpya mwaka 2024. Kwenye visanduku vya Android sijawahi kuona uvumilivu wa namna hiyo.

*Kinamfaa:* familia ya iPhone yenye faiba na TV kubwa, inayotaka kununua mara moja na kusahau.

Boksi la Android lisilo na jina

X96, T95, H96, MXQ. Majina yanabadilika, boksi ni lile lile. Nitalitendea haki, maana lina mambo ambayo hao wengine hawana.

*TV na umeme:* Mengi yana tundu la AV, la waya zile za rangi tatu, kwa hiyo ndiyo pekee humu yanayoongea na TV ya chogo. Yana matundu ya USB zaidi ya moja, nafasi ya kadi ya kumbukumbu, mara nyingi na tundu la waya wa mtandao. *Bei:* ndogo kuliko zote. *Matumizi:* hucheza karibu kila aina ya faili ya video utakayoweka kwenye flashi au diski.

*Cheti na picha:* Hapa ndipo shangazi alipokwama. Mengi hutumia Android ya simu iliyovalishwa sura ya TV, ndiyo maana ya kile kishale. Namba za kartoni usiziamini. Mipangilio ya ndani nayo huchakachuliwa ionyeshe RAM isiyokuwepo.

*Bando na usalama:* Hili lisome mara mbili. Januari 2023 mtaalamu wa Kanada, Daniel Milisic, alieleza alivyokuta programu hasidi ndani ya boksi la T95 alilonunua mtandaoni likiwa jipya. Machi 2025 watafiti wa HUMAN Security walitangaza mtandao wa vifaa zaidi ya milioni 1 vilivyoambukizwa, wakauita BADBOX 2.0, na Juni mwaka huo FBI ikatoa onyo kwa umma. Julai, Google ilifungua kesi New York, ikitaja vifaa zaidi ya milioni 10 vya Android isiyoidhinishwa. Vingine hutoka kiwandani na ugonjwa, vingine huupata siku ya kwanza unapoweka programu kutoka maduka ya pembeni. Kikishashikwa, watu usiowajua hupitisha mambo yao kwenye intaneti yako: wanabofya matangazo kwa ulaghai, wanajificha nyuma ya anwani ya nyumba yako. Wewe utaona bando linaisha haraka tu, utalaumu watoto.

Wapo watakaosema wamelitumia miaka 4 bila tatizo. Inawezekana. Lakini programu hasidi ya aina hii hukaa kimya, na akaunti ya Google uliyoingiza humo ndiyo iliyoshika barua pepe na picha zako. Mimi nisingeiweka.

*Linamfaa:* mtu wa chogo na flashi, bila intaneti. Kwa matumizi hayo ni chombo kizuri na cha bei nafuu.

Uchukue kipi, kwa hali yako

Ikiwa TV yako tayari ni smati na ina Netflix na YouTube zinazofanya kazi, usinunue chochote kwanza. Sasisha programu zake, tazama mwezi mmoja. Ukiwa na laptopu na waya wa HDMI, hata hiyo inatosha kwa filamu ya Jumamosi.

Unategemea bando la simu: chukua kijiti cha bei ya chini chenye cheti, Fire TV au Xiaomi, na ushushe kiwango cha picha siku hiyo hiyo. Fedha ya 4K iweke kwenye bando.

Una faiba, nyumba ina simu za Android na watu wengi: Google TV. Xiaomi kama bajeti imebana au mna flashi nyingi, Streamer kama kuta ni nene au hamtaki kufuta programu kila mara.

Wote nyumbani ni iPhone na hela ipo: Apple TV ya GB 128, na uvute waya wa mtandao.

Unaletewa na ndugu kutoka Marekani au Muscat: mtumie jina kamili la modeli, mkumbushe chaja na ile habari ya akaunti. Kokote ulipo, TV guard kwenye soketi iwepo kabla ya kisanduku. Umeme unaorudi kwa kishindo hauchagui bei.

Kabla ya kuongeza rimoti ya tatu mezani, washa HDMI-CEC kwenye mipangilio ya TV. Samsung huiita Anynet+, LG Simplink, Sony Bravia Sync. Baada ya hapo mara nyingi rimoti moja huwasha TV na kisanduku pamoja, na mzee hahitaji kuulizwa yuko HDMI ngapi.

Shangazi aliishia kuchukua Xiaomi TV Box S, akaikagua cheti yeye mwenyewe pale kaunta, muuzaji akimsomea. Lile boksi jeusi hatukulitupa. Tulilifuta lote, hatukuliwekea nenosiri la Wi-Fi wala akaunti, tukalichomeka kwa waya za AV kwenye chogo ya bibi chumbani kwake, pamoja na flashi ya harusi ya binti yake wa mwisho. Nyuso kwenye kioo kile kidogo zinaonekana vizuri kabisa.